Kabla ya kinu, ulizia waya

Machi 2025, Rais Samia akiwa ziarani Kilimanjaro, alieleza kwamba mikoa ya kaskazini italetewa umeme wa kununua kutoka Ethiopia, ukipitia Kenya. Kuanzia vijiwe vya kahawa vya Soko Kuu la Arusha mpaka makundi ya WhatsApp ya Njiro na Moshi mjini, swali likawa moja: Bwawa la Julius Nyerere si lina MW 2,115? Si tumelilipia shilingi trilioni 6.5? Sasa kwa jirani tunafuata nini?

Swali ni la haki kabisa. Kilichoharibu mjadala ni kwamba kila mtu alishika megawati, waya ukaachwa chini. Kosa hilohilo linarudiwa kila watu wanapobishana kuhusu Microsoft na Amazon kununua umeme wa vinu vya nyuklia vya Marekani, au wanaposema "tuna urani Namtumbo, tujenge kinu, yaishe". Megawati zinapendwa na vichwa vya habari kwa kuwa zinahesabika. Fedha na ugomvi viko kwenye waya: unaanzia wapi, unapita wapi, una msongo gani, na bili yake anapelekewa nani.

Tuanze na wa kwetu.

Umeme wa Bwawa la Nyerere, kule Rufiji, hauji Arusha kwa njia ya mkato. Unatoka bwawani hadi Chalinze kwa msongo wa kilovoti 400. Pale zipo njia mbili. Ya mashariki ni ya zamani, kilovoti 132, inapita Hale, Same, halafu Kiyungi pale Moshi, ndipo iingie Njiro. Ya magharibi inazunguka Dodoma na Singida, kisha inapanda Babati kuja Arusha. Wakati tangazo lile linatoka, njia ya kilovoti 400 kati ya Chalinze na Dodoma ilikuwa bado inajengwa. Yaani maji yalikuwa tayari yanazungusha mitambo, barabara ya kuuleta umeme huku ikiwa haijakamilika.

Sasa hesabu ndogo. Chukua MW 100 uzipitishe kwenye njia ya kilovoti 132: mkondo unakuwa kama ampea 437. Zipitishe zilezile kwenye kilovoti 400: ampea 144. Joto linalopotea kwenye waya huenda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo waya uleule kwenye kilovoti 132 unapoteza zaidi ya mara tisa ya unachopoteza kwenye kilovoti 400. Hapo bado hujahesabu kwamba njia za kilovoti 400 hufungwa nyaya mbili au zaidi kwa kila fezi, hivyo tofauti yenyewe ni kubwa kuliko hiyo.

Upotevu nao ni upande mmoja tu wa tatizo. Upande mwingine ni volteji. Mwisho wa njia ndefu, saa moja jioni, watu wakiwasha pasi, majiko na hita za kuogea (Arusha ya Julai bila hita haiogeki), umeme unafika mdogo. Taa inafifia, friji inanguruma bila kugandisha, kile kifaa cha kuilinda kinakata na kurudisha, kinakata na kurudisha. Fundi akiweka mita anakuta volti 185 mahali pa 230. Unaweza kuongeza megawati 500 Rufiji na volti hizo zisisogee hata moja.

Upande wa pili watasema Ethiopia nayo ni mbali. Ni kweli, njia ya kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa, Kenya, ina zaidi ya kilomita 1,000. Lakini ni ya kilovoti 500, tena ya mkondo mnyoofu, ule wa DC kama wa betri, ambao kwenye safari ndefu haupotezi sana. Ilijengwa kubeba MW 2,000, na Novemba 2022 Kenya ilianza kwa kuchukua MW 200 tu, kwa hiyo nafasi ipo. Kutoka Suswa umeme unakwenda Isinya, unavuka Namanga, unatua kituo cha kupoza umeme cha Lemugur, nje kidogo ya jiji la Arusha, njia nzima ikiwa kilovoti 400. Kipande hicho cha Kenya na Tanzania kiliwashwa Desemba 2024.

Kwa hiyo wanaotetea ununuzi wana hoja ya kifundi. Wanaolalamika nao wanayo, ila wengi hawakuisema. Hoja yao nzito ni kwamba bwawa na njia ya kuusafirisha umeme wake vilitakiwa vipangwe kama kitu kimoja, kwa ratiba moja. Na swali la kumbana nalo waziri ni hili: bei ya Ethiopia, ukijumlisha ada anayotoza jirani kwa kupitisha, inakuwa shilingi ngapi kwa uniti ikifika Lemugur? Kisha iwekwe kando ya gharama ya uniti ya Rufiji ikifika Njiro, upotevu ukiwa ndani. Namba mbili tu. "Nchi inauzwa" haijibiki, na ndiyo maana viongozi hawaumizwi nayo.

Megawati si uniti

Kabla hatujavuka kwenda Marekani, jambo hili likae sawa, maana nusu ya ubishi wa nyuklia huishia hapa.

Uniti unaijua kwa LUKU. Kundi la T1, la wateja wa kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika shilingi 356 na ushee. Ndiyo sababu elfu kumi yako inaleta uniti 28 hivi. (Zikija pungufu, angalia kama umekatwa kodi ya jengo kabla hujaanza kumtukana mtu.) Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Megawati inasema mtambo unaweza kutoa kasi gani kwa wakati mmoja. Haisemi utatoa kwa saa ngapi.

Bwawa la MW 2,115 likizunguka kwa nguvu zote mwaka mzima lingetoa karibu GWh 18,500 (GWh moja ni uniti milioni moja). Haliwezi, kwa kuwa Rufiji haijai mwaka mzima. Hesabu za mradi zinataja kama GWh 6,000. Kinu kimoja cha nyuklia cha MW 1,000, kikifanya kazi asilimia 90 ya mwaka kama vinavyofanya vile vya Marekani, kinatoa karibu GWh 7,900. Chini ya nusu ya megawati, lakini uniti nyingi zaidi. Mtu akikupangia sola, maji na nyuklia kwenye jedwali moja la megawati bila safu ya saa, ama hajui anachofanya ama ana bidhaa ya kukuuzia.

Hiyo ndiyo sababu kampuni za akili unde (AI) zimeigeukia nyuklia. Kituo cha data, jengo lililojaa kompyuta zao, hakilali, na kinakula. Mei 2024, Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza kituo cha data Olkaria, Naivasha, kitakachotumia joto la ardhini, awamu ya kwanza ikitajwa kuwa MW 100. Pima na vya kwetu: Nyumba ya Mungu ni MW 8, Hale 21, New Pangani Falls 68. Jumla 97. Mto Pangani wote, kuanzia chemchemi za mlimani hadi ukaribie bahari, hautoshelezi kituo kimoja.

Mfongo wa Susquehanna

Wachagga ugomvi huu wanaujua kuliko mawakili wa Washington. Mfongo, mfereji wa kumwagilia, unatoka juu mlimani, unapita mashamba ya watu wengi, na kila kaya ina zamu ya maji na zamu ya kuzibua. Sasa tokea mtu mwenye shamba pale pale kwenye chanzo, achepushe maji kabla hayajaingia mfongoni, halafu siku ya kuzibua aseme: mimi mfongo wenu siutumii.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Pennsylvania. Machi 2024 Amazon ilinunua kutoka kwa Talen Energy, kwa dola milioni 650, eneo la vituo vya data lililo ubavuni mwa kituo cha nyuklia cha Susquehanna. Kituo hicho kina vinu viwili, jumla karibu MW 2,500. Mpango ulikuwa kuchukua hadi MW 960 moja kwa moja, kabla umeme haujaingia kwenye gridi. Kampuni mbili kubwa za umeme, AEP na Exelon, zikapinga. Zikasema: kinu kikizimwa kubadilisha mafuta, au kikipata hitilafu, nani atakilisha kituo cha data? Nani anashikilia mawimbi ya umeme yasiyumbe, pande zote mbili zikiendelea kujishikiza kwenye gridi ileile? Kama kituo hakihesabiwi kuwa mteja wa gridi, sehemu yake ya gharama inahamia kwa wengine. Zilidai kiasi hicho kinaweza kufika dola milioni 140 kwa mwaka.

Tarehe 1 Novemba 2024, FERC, tume ya serikali kuu inayosimamia nishati, ikakataa kwa kura mbili dhidi ya moja.

Soma vizuri kilichokataliwa. Ni marekebisho ya mkataba wa kuunganishwa na gridi, ya kupandisha kiwango kutoka MW 300 hadi 480. Basi. Hakuna mahali FERC ilipoikataa nyuklia, wala ilipoizuia Amazon kununua umeme wa kinu kile. Ila siku ileile wapenzi wa nyuklia waliandika kwamba serikali inaua teknolojia, na wanaochukia kampuni kubwa wakaandika kwamba wananchi wameokoa umeme wao. Miezi saba baadaye, Juni 2025, Talen na Amazon wakatoa mkataba mpya, mara mbili ya ule wa kwanza: MW 1,920 hadi mwaka 2042. Safari hii umeme unahamishiwa kwenye gridi, unapita mlemle unamopita wa watu wengine, na ada ya kusafirisha inalipwa. Zamu ya kuzibua imekubaliwa, maji yameruhusiwa.

Microsoft wao hawakuingia kwenye mgogoro huo. Septemba 2024 walisaini na Constellation mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, MW 835. Habari hii imepotoshwa kuliko zote. Utasikia Microsoft imenunua kinu. Imenunua umeme, mwenye kinu ni Constellation. Utasikia inafufua kinu kilichoyeyuka. Kilichoyeyuka Machi 1979 ni namba mbili, na hicho hakirudi. Hiki ni namba moja, jirani yake, kilichofanya kazi hadi 2019 kikafungwa kwa sababu za biashara, gesi ikiwa rahisi mno. Na hakuna waya unaotoka pale kwenda kwenye kompyuta za Microsoft. Umeme unamwagwa kwenye gridi ya PJM, unachanganyika na wa gesi na wa makaa, na Microsoft inahesabiwa uniti zake kwenye karatasi.

PJM ndiyo inayoendesha gridi ya majimbo 13 pamoja na jiji la Washington, na ina mnada ambao kila anayebishana kuhusu vituo vya data angeujua kwanza. Ni mnada wa utayari: mwenye mtambo analipwa ili awepo siku ya mahitaji makubwa, hata kama hakuitwa. Kwa mwaka 2024/25 bei ilikuwa dola 28.92 kwa megawati kwa siku. Mwaka uliofuata ikaruka hadi 269.92, na wa 2026/27 ikafika 329.17. Bili za nyumbani zikaanza kupanda huku vinu vyote vinavyotangazwa vikiwa bado karatasi. Vituo vya data vina mkono hapo. Kufungwa kwa mitambo ya makaa na mabadiliko ya kanuni za mnada wenyewe pia yana mkono. Anayesema ni akili unde peke yake anazidisha chumvi. Anayesema haihusiki kabisa, chumvi hana.

"Nasi tujenge"

Hii ndiyo sehemu inayochosha, kwa sababu watu wanaingia wakiwa wameshachagua timu. Tuiache timu, tuangalie gridi.

Gridi ya Taifa huendeshwa kwa mawimbi 50 kwa sekunde. Kila sekunde, kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, mawimbi yanashuka: 49.8, 49.5, na yanaendelea. Rilei, swichi za ulinzi zinazojiendesha zenyewe, zinaanza kukata laini, mtaa baada ya mtaa, ili kuokoa kilichobaki. Zisipowahi, mitambo mingine nayo inajitoa ili isiharibike, na hapo nchi nzima inaingia gizani. Watanzania tumeliona hilo, hakuna haja ya kulieleza sana.

Kwa hiyo wahandisi wana kanuni, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuwa likiishauri kwa miaka mingi: mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi. Mahitaji yetu ya juu kabisa yamekuwa yakizunguka MW 2,000. Asilimia 10 ni MW 200. Kila mtambo wa Bwawa la Nyerere ni MW 235, na iko tisa, kwa hiyo hata hapo tayari tunatembea ukingoni. Kinu cha kawaida cha leo ni MW 1,000 na kuendelea. Saa tisa usiku, Dar ikiwa imelala, kinu hicho kingekuwa kinabeba zaidi ya nusu ya nchi peke yake. Kikikohoa, giza.

Misri inajenga vinne vya MW 1,200 El Dabaa, lakini mahitaji yake yamepita MW 35,000. Afrika Kusini ina Koeberg, vinu viwili vyenye jumla ya MW 1,860 hivi, ndani ya mojawapo ya gridi kubwa kabisa barani. Wao wana kapu la kuwekea.

Jambo la pili wengi hawalijui kabisa: kinu kinahitaji gridi kuliko gridi inavyokihitaji. Jenereta ya dizeli ukiizima imezimika, unakwenda kulala. Kinu ukikizima, mpasuko wa atomi za urani unakoma ndani ya sekunde, lakini mabaki yaliyomo kwenye mafuta yanaendelea kutoa joto. Kinu cha MW 1,000 za umeme kina karibu MW 3,000 za joto. Mara tu baada ya kuzimwa, joto la mabaki ni asilimia 6 hadi 7, yaani kama MW 200. Baada ya siku nzima bado ni kama nusu ya asilimia, MW 15 hivi, karibu mara mbili ya Nyumba ya Mungu ikifanya kazi kwa nguvu zote, na joto lote hilo liko ndani ya chungu kimoja. Lazima pampu zizunguke, na pampu zinataka umeme kutoka nje.

Fukushima ilianguka hapo. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipopiga, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima kama vilivyotakiwa. Njia za umeme za nje zikakatika. Jenereta za dizeli zikawaka, vizuri kabisa. Kisha mawimbi ya bahari yakaja, yakazamisha jenereta na vyumba vya swichi, pampu zikasimama, mafuta yakayeyuka. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinadai kinu kiwe na njia mbili za umeme wa nje zisizotegemeana, na dizeli juu yake. Sasa fikiria nchi ambayo gridi huanguka: kila anguko moja ni siku ya majaribio kwa dizeli za kinu. Zikiwaka mara 99, ya mia ndiyo itakayoandikwa.

Hapo watu husema: basi tuchukue vinu vidogo. Ni wazo zuri, na kwa kanuni ya asilimia 10 vingetufaa. Tatizo ni duka. Vinavyofanya kazi kibiashara ni vichache mno: Urusi ina kile kinachoelea juu ya meli kule Pevek, mitambo miwili ya MW 35, tangu 2020, China ina kimoja cha MW 200 Shidao Bay, tangu Desemba 2023. Google wamesaini na Kairos Power, Amazon wameweka fedha X-energy, yote Oktoba 2024, na yote ni ahadi za miaka ya 2030.

Mfano wa kusoma kwa makini ni NuScale, kampuni ya Marekani ya vinu vidogo. Walikuwa na mradi wa MW 462 Idaho, mitambo sita ya MW 77, kwa ajili ya miji midogo ya Utah na jirani zake. Bei iliyokuwa ikitajwa ni dola 58 kwa megawati-saa, yaani uniti elfu moja. Mapema 2023 ikawa 89, tena baada ya ruzuku ya serikali. Miji ikaanza kusita, na Novemba 2023 mradi ukafutwa. Ukichukua dola kwa shilingi 2,500 hivi, 89 hiyo ni kama shilingi 222 kwa uniti ikiwa bado getini pa kinu. Haijapanda nguzo hata moja, haijalipa transfoma, haijafidia upotevu wala wizi, haijaingia VAT. Kumbuka LUKU ya T1 ni 292 kwa kila kitu kabla ya kodi. Ningependa kumwona mbunge akiitetea bei hiyo Ngaramtoni siku ya mnada.

Urani ya Namtumbo haituvushi

Mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, upo kweli. Unaendeshwa na Mantra Tanzania chini ya Uranium One ya Rosatom, shirika la nyuklia la Urusi, na Julai 2025 ulizinduliwa mtambo wa majaribio. Mpango ni kufikia hadi tani 3,000 za urani kwa mwaka. Kinu cha MW 1,000 kinataka kama tani 200 za urani asilia kwa mwaka, kwa hiyo kwa hesabu ya mchanga tungelisha vinu 15.

Ila kinachotoka mgodini ni unga, ile keki ya njano. Kutoka hapo unageuzwa gesi, gesi inazungushwa kwenye mashine za kasi kubwa ili aina ya 235 ipande kutoka asilimia 0.7 hadi 3 au 5, inarudishwa kuwa unga mweusi, unashindiliwa na kuchomwa kuwa vidonge vya sentimita moja hivi, vidonge vinapangwa kwenye mirija ya zirkoni yenye urefu wa mita nne hivi. Hatua zile za katikati zinafanywa na nchi chache, na zinachungwa kama mboni ya jicho kwa kuwa mashine hizohizo zikiendelea kuzunguka zinafika kwenye bomu. Kuwa na urani bila hatua hizo ni kama Moshi kuwa na buni bila kiwanda cha kukaanga: bei ya kikombe cha London hauipangi wewe. Na hata ukiwa nazo, mafuta ni sehemu ndogo ya gharama ya umeme wa nyuklia. Kinachoua ni ujenzi na riba. Vinu vya Vogtle 3 na 4 vya Georgia, Marekani, vilichelewa miaka saba na kupita dola bilioni 30. Flamanville 3 ya Ufaransa ilianza kujengwa 2007 na kuingia kwenye gridi Desemba 2024.

Mionzi nayo itatajwa, haikosi. Mtetezi ataleta ndizi: ndizi moja ina potasiamu yenye mionzi, bekereli 15 hivi, mbona Moshi mnakula mtori kila siku? Huo ni mzaha wa fizikia, usiupokee kama kipimo. Mwili hutunza kiasi chake cha potasiamu na kutoa kinachozidi. Radiamu, elementi yenye mionzi inayotokana na urani, ikiingia kwenye mfupa haitoki hivyo. Mpinzani naye ataleta namba ya kutisha bila kizio. Muulize: bekereli, za kuhesabu mionzi inayotoka kwenye kitu, au sieverti, za kupima athari yake mwilini? Mikro au mili? Kwa saa au kwa mwaka? Mikrosieverti 0.1 kwa saa, kwa mwaka mzima ni kama milisieverti 0.9, na wastani wa dunia kutoka vyanzo vya asili ni 2.4. Mfosfati wa Minjingu, hapo tu barabara ya Babati, una urani kuliko udongo wa kawaida, na hakuna kinu maili mia tano.

Hatari halisi ya mgodi ni ya pole na ya muda mrefu: mabaki. Ukishatoa urani, karibu asilimia 85 ya mionzi ya mawe inabaki kwenye tope unaloliacha, radiamu ikiwemo. Tope hilo linakaa kwenye bwawa la udongo, na Mkuju uko ndani ya bonde la Rufiji, mto uleule wenye Bwawa la Nyerere kule chini. Kwa hiyo swali la kuuliza ni la fundi wa mabwawa: sakafu ya bwawa la tope ina tabaka gani, visima vya kupimia maji viko wapi, nani anavipima baada ya mgodi kufungwa, na kwa fedha ipi iliyowekwa tangu mwanzo? Vipimo vya mionzi nchini ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye maabara hapa Njiro.

Sasa rudi Lemugur, kwa sababu kuna jambo limebadilika na mabishano hayajalifikia. Tangu njia ile iwashwe, Tanzania na Kenya zinapumua kwa mapafu yaleyale. Mawimbi ya umeme ya Arusha na ya Nairobi ni mamoja. Kwa kanuni ya asilimia 10 hiyo ni habari njema, kapu limekua. Lakini Kenya nayo ina mpango wa kinu cha MW 1,000. Kwanza ulikuwa Uyombo, Kilifi, wananchi wakaandamana Mei 2024, mazungumzo yakahamia Siaya. Jumlisha mahitaji ya juu ya Kenya, Uganda na Tanzania: bado hayafiki MW 6,000. Kinu cha MW 1,000 humo ni zaidi ya asilimia 16. Njia ya DC ya Ethiopia inaweza kusaidia tu ikiwa imewekewa akiba na imepangwa kuongeza kasi ndani ya sekunde chache, na akiba hiyo kuna mtu anailipia hata isipotumika, kama kwenye mnada wa PJM. Kinu cha Siaya kikitoka ghafla saa mbili usiku, upungufu utavutwa Lemugur papo hapo, na rilei za Njiro na Kiyungi ndizo zitakazoamua laini ipi ikatwe kwanza. Ni mpangilio unaoandikwa kwenye mkataba wa gridi hizi mbili, kurasa za nyuma kabisa, kwenye viambatisho.